Asali Kwenye Ncha ya Fimbo

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili. Mhubiri: Mama Mchungaji. Masomo: 1 Samweli 14:24-33, Mithali 9:17, Mithali 25:16.

 

Leo sitaanza na wimbo. Wale wa kinanda mnaweza kuketi. Mchungaji yuko pale mbele na anajua ninachokuja kusema, kwa sababu nilimwomba madhabahu hii wiki tatu zilizopita na mara mbili nikarudi nyuma. Jumapili iliyopita mliambiwa nina homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa na woga.

Nyinyi mnanijua. Wengi mlinijua nikiwa na kilo 128. Mlinijua nikipanda hizi ngazi tatu nikishikilia ukuta, na shemasi akinivuta mkono. Mlinijua na dawa za sukari na za presha kwenye mkoba, ndani ya kile kikopo mlichodhani ni cha peremende. Halafu mkaniona nikipungua, mwezi baada ya mwezi, mpaka nikafika kilo 88. Nguo zangu za zamani nikawagawia kina mama wa hapa hapa, na mmoja wao ameivaa ile ya kitenge leo. Imekupendeza, mama.

Sasa, Januari ya mwaka jana, siku ya mwisho ya yale maombi yetu ya siku 21, ndugu mmoja alisimama hapa akashika maikrofoni akasema, “Mwangalieni Mama! Kufunga kunafanya kazi!” Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mnakumbuka nilifanya nini? Nilitabasamu. Nikainua mikono yote miwili nikasema haleluya.

Wapendwa, sikupungua kwa kufunga. Nilifanyiwa operesheni ya tumbo Nairobi, katika zile wiki tatu mlizoambiwa nimeenda kumuuguza dada yangu. Dada yangu hakuwa mgonjwa. Yeye ndiye aliyeniuguza.

Najua kuna mtu anajiuliza kwa nini sikusema. Niliogopa mambo mawili. Niliogopa mtasema mke wa mchungaji anaombea wagonjwa kila Ijumaa na yeye mwenyewe amekimbilia kisu. Na niliogopa mtauliza pesa zilitoka wapi. Zilitoka kwenye ploti tuliyonunua mimi na Mchungaji tukiwa vijana, tukaiuza. Hakuna sadaka ya mtu iliyoguswa. Wazee wa kanisa wameonyeshwa karatasi, na mwenye kutaka kuziona aende kwao.

Kuhusu kisu sitakaa sana. Paulo alikuwa na leso zilizoponya watu, imeandikwa katika Matendo 19, lakini Timotheo alipokuwa na shida ya tumbo, Paulo hakumtumia leso. Alimwandikia atumie divai kidogo. Na Luka alikuwa tabibu mpendwa na akabaki tabibu. Kwa hiyo mimi simwombi Mungu msamaha kwa sababu ya operesheni. Sukari yangu imeshuka mpaka daktari akaniondolea vile vidonge. Magoti yangu yananipeleka sokoni na kunirudisha. Hiyo namshukuru Mungu nayo asubuhi na jioni. (Na hiyo ya divai ya Timotheo, tafadhali, msiende kuinukuu kwenye baa. Nitairudia baadaye.)

Hebu niwaeleze walichonifanyia, maana nimesikia watu wakisema ati daktari hukata mafuta. Hakati mafuta. Kwangu walitenga sehemu ndogo ya juu ya tumbo, ukubwa wa yai dogo hivi, wakaiunganisha na utumbo mbele zaidi, ili chakula kipite njia ya mkato. Kuna operesheni nyingine ambapo huondoa karibu asilimia 80 ya tumbo, linabaki kama ndizi nyembamba. Zote mbili hufanya ushibe kwa chakula kidogo, na zote hubadilisha homoni, zile jumbe ambazo tumbo na utumbo hutuma kwenye ubongo kusema nina njaa au nimeshiba. Ndiyo maana miezi ya kwanza sikusikia njaa kabisa. Wiki mbili za kwanza ni maji na supu iliyochujwa. Halafu vitu vilivyosagwa. Neema binti yangu alikuwa akinisagia kuku kwenye blenda, na sitasema ilikuwa na ladha gani kwa sababu tuko kanisani. Chakula kigumu kilikuja baada ya karibu miezi miwili.

Yule dada wa lishe hospitalini aliniambia neno moja nikalipuuza. Alisema, “Mama, mwaka wa kwanza tumbo litakuchunga. Baada ya hapo utajichunga mwenyewe.” Nilicheka. Nilikuwa nimeshiba kwa vijiko vinne vya ndengu. Nani angenitisha na mandazi?

Mandazi ilinitisha mwezi wa kumi na moja. Mnajua kile kibanda cha pale kona, saa kumi jioni, mafuta yakishachemka. Nilikuwa natoka ushirika wa kina mama. Nimekula mchana, nimeshiba, tumbo limetulia. Na kitu ndani yangu kikasimama kikasema: nataka. Si tumbo lililosema. Tumbo lilikuwa limenyamaza. Nikapita. Kesho yake nikapita tena. Siku ya tatu nikanunua mbili, nikazikunja kwenye gazeti, nikaingia garini, nikafunga vioo.

Sasa wewe ambaye hujawahi kupitia hii utasema, si mandazi tu? Ni kweli, ni mandazi tu. Lakini mbona nilifunga vioo?

Mithali 9:17 inamzungumzia yule mwanamke mpumbavu anayekaa mlangoni akiita wapita njia. Anawaambia kwamba maji ya wizi ni matamu, na mkate unaoliwa kwa siri unapendeza. Nimesoma mstari huo tangu shule ya Jumapili nikidhani unahusu uzinzi peke yake. Nilipokuwa ndani ya gari na vioo vimefungwa ndipo nilipoona kwamba unazungumza hata juu ya mkate wenyewe. Ile mandazi ilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kula, na nusu ya utamu ilikuwa ile siri.

Nikajifunza ujanja. Nyama ya kuku ukiimeza haraka kwenye tumbo kama langu inakwama, utaijua. Lakini biskuti hazikwami. Unazitafuna, zinalainika, zinateleza, na baada ya dakika chache kuna nafasi ya nyingine. Krispi vile vile. Aiskrimu vile vile. Pakiti nzima inaisha na hilo tumbo dogo halijalalamika. Kwenye kisanduku cha dashibodi ya gari, pale Mchungaji anapodhani kuna karatasi za bima, kulikuwa na biskuti. Nilikuwa nahubiri Jumanne juu ya kiasi na Alhamisi nalamba makombo kwenye usukani. Kilo zikaanza kurudi, moja, mbili. Leo niko na 95.

Nilijaribu kukemea. Sisi ni kanisa la kukemea. Niliikemea mandazi kwa jina la Yesu, na bado ikanukia vizuri. Mandazi si pepo, jameni. Ni unga na mafuta na sukari, na hiliki kama mpishi anajua kazi yake.

Halafu ikaja Januari ya mwaka huu, na hapa ndipo naomba mnisikilize.

Kuna dada wa kanisa hili, amenipa ruhusa nisimulie bila jina. Ana sukari, yuko kwenye dawa. Aliniona mimi, akasikia ule ushuhuda, akaamua siku zote 21 hatakula wala kunywa mpaka jioni, apungue kama Mama. Hakumwambia daktari. Hakutuambia sisi. Na vidonge vyake aliendelea kumeza asubuhi kama kawaida, bila chakula. Siku ya nne sukari ilishuka akaanguka jikoni. Mtoto wake ndiye aliyekimbia kuita majirani. Wangechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mambo mengine hapa.

Nilienda kumtembelea wodini. Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Akanishika mkono akaniambia, “Mama, nilitaka tu Mungu anitendee kama alivyokutendea wewe.”

Pale ndipo ilikuwa nafasi yangu. Nilikuwa peke yangu naye, na pazia limevutwa. Na nikasema, “Pole mpendwa, tutazidi kuomba.”

Nikatoka. Nikaendesha mpaka kituo cha petroli barabara ya kwenda Njoro, nikaingia dukani nikanunua pakiti ya keki ndogo na chupa ya soda. Nikala keki nne moja baada ya nyingine, nikazisukuma kwa soda. Sikuhisi ladha, nakwambia ukweli. Baada ya robo saa hivi mwili ukanigeuka. Jasho likanitoka mpaka blauzi ikaloa. Moyo ukaenda mbio. Kizunguzungu, tumbo linakata, mikono inatetemeka. Madaktari wana jina lake, wanaita dampingi: sukari nyingi inamwagika kwenye utumbo ghafla kwa sababu lile tumbo la kuizuia halipo tena, utumbo unavuta maji kutoka mwilini, na wewe unadhani unakufa. Wengine huwapata tena baada ya saa moja hadi tatu, sukari ikishuka. Kijana wa kuweka mafuta akagonga kioo. “Mathe, uko sawa?” Sikuweza kujibu. Nilimpa simu tu, akampigia Mchungaji.

Mchungaji alikuja na bodaboda. Aliziona zile karatasi za keki miguuni pangu. Akanunua maji, akaniambia ninywe kidogo kidogo, akaketi kando yangu. Nilingojea anikemee. Hakuuliza kuhusu keki. Aliniuliza, “Mama Neema, yule dada umemwambia?”

Tufungue 1 Samweli 14, kuanzia mstari wa 24.

Israeli wako vitani na Wafilisti. Mfalme Sauli amewaapisha watu kwamba mtu yeyote atakayekula kabla ya jioni amelaaniwa. Angalia huo ufungaji ulitoka wapi. Mungu hakuuagiza. Hakuna nabii aliyeusema. Ni Sauli alitaka kulipiza kisasi kwa adui zake, na akatumia matumbo ya watu wengine. Watu wanaingia msituni, na asali iko pale chini, inadondoka. Wana njaa, wamechoka, na hakuna anayeinua mkono kupeleka kinywani, kwa kuogopa kile kiapo.

Yonathani, mwana wa mfalme, hakusikia kiapo. Yeye ananyosha fimbo yake, anachovya ncha kwenye sega la asali, anapeleka mkono kinywani, na macho yake yanatiwa nuru. Hakuchukua sega lote. Hakujaza kibuyu apeleke hemani. Ilikuwa ncha ya fimbo, mchana, mbele ya jeshi, na mtu akamwona akamwambia habari ya kiapo. Yonathani hakukana. Alisema baba yake ameitaabisha nchi, na kama watu wangekula leo, ushindi ungekuwa mkubwa zaidi.

Sasa shuka mpaka mstari wa 32, huwa hatufiki huko. Wale watu waliozuiwa hata tone la asali, jioni ilipofika walizirukia nyara. Kondoo, ng'ombe, ndama, wakachinja papo hapo chini wakala na damu, kitu ambacho Torati iliwakataza kabisa. Umeona? Amri ya mwanadamu iliwafanya waiache asali, ambayo haikuwa dhambi, na ikawasukuma kwenye dhambi yenyewe. Mtu aliyejinyima tone mchana ndiye aliyekula na damu usiku.

Huyo ni mimi. Mezani nilikuwa natangaza, “Mimi sukari sigusi, nimeokoka nayo.” Kwenye harusi zenu nilikuwa naisukuma sahani ya keki kwa mkono kama malkia. Halafu usiku, garini, na damu.

Kwa hiyo nikamwendea Sulemani. Mithali 25:16 anasema ukipata asali, kula ya kukutosha tu, usije ukashiba na kuitapika. Hakusema usile. Na huyu Sulemani si mtu wa kunyimwa: 1 Wafalme 4 inataja meza yake kwa siku moja, kori 30 za unga laini na 60 za unga mwingine, ng'ombe 10 walionona, 20 wa malishoni na kondoo 100, ukiacha kulungu na ndege. Mtu mwenye meza hiyo akikuambia asali ina kiasi chake, msikilize. Na kama umefanyiwa operesheni kama yangu, hilo neno la kutapika si mfano. Ni habari ya Jumatatu asubuhi.

Sasa niko na fimbo. Nawaambia inavyokaa, kwa sababu najua kuna wengine wawili humu ndani waliofanyiwa na wanajua nawajua, na kuna wengine wengi wanaopambana na sahani bila operesheni yoyote.

Kwanza nakula chakula. Hii ndiyo kubwa. Mwili wangu unahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe uone ni kazi. Naanza na samaki, au kuku, au ndengu, au maziwa lala. Halafu mboga. Ugali ni ule unaopata nafasi. Natafuna polepole mpaka wajukuu wanaondoka mezani. Sinywi pamoja na chakula, nangoja kama nusu saa. Na vile vidonge vya vitamini, vya chuma, vya kalisiamu, ni vya maisha. Siku nikivipuuza wiki nzima na kula vibaya, tamaa huja na miguu minne. Siku nimeshiba vizuri, ile harufu ya kona huja na kupita.

Halafu nauliza ni nani anayeitaka hii. Esau alirudi kutoka porini amechoka, ndipo dengu zikawa na thamani kuliko urithi. Asingechoka, angemwambia Yakobo dengu zako ukae nazo. Mimi nimegundua biskuti zangu zote zilikuwa za saa kumi jioni na za kurudi matangani. Si njaa, ni uchovu na huzuni. Kwa hiyo siku za matanga Neema hunipigia simu. Haniulizi kuhusu chakula, tunaongea tu mpaka nifike nyumbani. Mara nyingi nikifika ile hamu imepoa. Mara nyingine haijapoa.

Isipopoa, nakula. Ndiyo, mmesikia vizuri. Nusu mandazi, au kipande cha keki kama kiberiti, baada ya chakula, si kwa tumbo tupu. Nikiwa nimeketi mezani, na kwa sahani, na mtu akiniona. Hiyo ya kuonwa ndiyo iliyonisaidia kuliko zote. Nimeacha soda kabisa kwa sababu ya gesi na sukari, na chai nakunywa bila sukari. Sijaipenda mpaka leo, msinishuhudie uongo. Lakini garini silali tena na chakula. Funguo za kile kisanduku amebaki nazo Mchungaji.

Na ile divai ya Timotheo nilisema nitairudia. Sisi hapa hatunywi, lakini wako watoto wetu na ndugu zetu, na nitasema. Baada ya operesheni kama yangu pombe hupanda kichwani haraka sana, na kuna watu waliofungiwa mlango wa chakula tamaa yao ikahamia kwenye glasi. Daktari ataliuliza swali hilo. Jibu ukweli. Wengine huhamia kwenye kununua nguo kwa simu, na hilo sitasema zaidi kwa sababu Mchungaji anatabasamu.

Sasa upande wenu, kanisa.

Mmenipenda kwa sahani. Nikija nyumbani kwako chapati ni sita, na nikila moja unasema, “Mama, umekataa mkono wangu?” Mpendwa, sijakataa mkono wako. Niwekee yai, niwekee njugu, kaa chini tuongee. Mkitaka kunipakia nibebe, nipakieni sukuma. Na wale ambao kuanzia leo mtaanza kuangalia sahani yangu kwenye harusi, mkihesabu, mkikonyezana, na nyinyi mnarudisha kile kiapo cha Sauli. Mtu akiangaliwa hivyo harudi kwenye kiasi. Anarudi garini.

Kina mama wa jikoni, chai ya kesha isiwe mandazi peke yake. Kuna watu wa sukari na presha wanaokesha hapa. Mayai ya kuchemsha si gharama kubwa sana, na mimi nitatoa trei ya kwanza.

Kuhusu kufunga, wazee wamekaa na Mchungaji na wamekubaliana. Maombi ya siku 21 yanaendelea, Mungu anajibu kufunga na sitapunguza neno hilo. Lakini mtu wa sukari, mtu wa presha anayetumia dawa, mama mjamzito au anayenyonyesha, na mtu aliyefanyiwa operesheni kama mimi, amwone daktari wake kwanza na atuambie. Utapewa kitu kingine cha kuweka madhabahuni. Mimi mwaka huu niliweka simu. Niamini, ilikuwa ngumu kuliko chakula.

Yule dada. Nilirudi wodini kesho yake asubuhi nikamwambia yote, operesheni, ploti, dada yangu ambaye hakuwa mgonjwa, keki. Hakusema kitu. Aligeukia ukuta. Nikaketi pale mpaka saa za wageni zikaisha. Wiki tatu hakushika simu yangu, na nilistahili. Halafu Jumatano moja akaja nyumbani bila kupiga, akakataa kuketi. Akaniambia, “Sikukasirika kwa sababu ya operesheni. Nilikasirika kwa sababu niliomba usiku kucha nikidhani Mungu anakupenda wewe kuniliko mimi.”

Kanisa, sijui kama mnaelewa uzito wa hilo neno. Mimi nilikuwa nimeficha kovu la vidole vichache chini ya nguo, na kwa kulificha nilimfanya mtoto wa Mungu aamini Baba yake ana ubaguzi. Nimemwomba msamaha. Nawaomba nyinyi pia. Ule ushuhuda wa Januari ya mwaka jana naufuta leo mbele zenu. Wenye kanda yake, msiitume tena.

Mwisho wa sura ile, Sauli alitaka kumwua Yonathani kwa sababu ya ile asali, na watu ndio waliosimama katikati wakakataa, wakamwokoa. Sisemi mimi ni Yonathani, yeye hakusema uongo. Lakini wako Yonathani humu, wamechovya ncha ya fimbo mahali fulani na wanaogopa kiapo cha mtu. Msiwangojee waanguke jikoni. Wasimamieni sasa.

Simameni tuombe.

Baba, tumbo uliliumba wewe, na asali uliiumba wewe. Tupe macho yenye nuru. Utusamehe mkate tulioula kwa siri, na maneno tuliyoyasema kwa vigelegele. Mponye dada yetu, umshike mtoto wake. Mkumbuke mwenye kilo nyingi anayepanda ngazi leo akishika ukuta, na asionewe haya. Katika jina la Yesu, amina.

Tangazo moja kabla hamjaketi. Alhamisi baada ya ushirika wa kina mama, saa kumi jioni, ile saa yenyewe, tutakuwa kwenye chumba cha nyuma mimi na yule dada. Yeye ndiye aliyechagua saa. Wanaume pia mnakaribishwa, najua mnapambana na nyama choma kimya kimya. Hatutapima mtu kilo. Njoo na kikombe chako. Kutakuwa na chai bila sukari, mayai, na mandazi sita zilizokatwa vipande vipande kwenye sahani katikati ya meza, wazi.